Kinu kimoja, taka za miaka laki: Kenya iige Finland, Ujerumani, Ufaransa au Uholanzi?

Kila serikali inayotaka kinu cha nyuklia siku hizi huanza na tabianchi, na Kenya nayo imeanzia hapo. Kinu hakitoi moshi, hakingoji mvua, na nchi imeshaahidi kwamba kufikia 2030 gesijoto zake zitakuwa asilimia 32 chini ya kiwango ambacho kingefikiwa kama mambo yangeachwa yaende yalivyo. Wakala wa nishati ya nyuklia, NuPEA, uliopata nguvu zake kwenye Sheria ya Nishati ya 2019, umekuwa ukizungumzia megawati 1,000 za kwanza kufikia 2034. Eneo lililotajwa mwanzo lilikuwa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, jirani na Mida Creek na msitu wa Arabuko Sokoke. Mei 2024 wakazi waliandamana na kukabiliana na polisi, na baadaye mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Katika mabishano yote hayo suala la taka hupitiwa juu juu: viwango vya kimataifa vitafuatwa, basi. Lakini Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, huweka kanuni za usalama tu. Fueli iliyotumika iende wapi, kwa pesa za nani, na nani ana haki ya kusema hapana, hayo kila nchi hujiamulia. Nchi zilizotutangulia zimeamua kwa namna tofauti kabisa, na matokeo yanaonekana. Ndiyo maana naziweka hapa bega kwa bega.

Niutangulize msimamo wangu ili usomaji uwe rahisi: nadhani watu hubishana sana kuhusu mwamba na aina ya kinu, ilhali kinachotenganisha nchi zilizofaulu na zilizokwama ni mfuko wa pesa na haki ya wenyeji kukataa.

Mzigo wenyewe

Kinu cha megawati 1,000 hutoa takriban tani 20 hadi 25 za fueli iliyotumika kwa mwaka. Kikifanya kazi miaka 60, ni kama tani 1,200 hadi 1,500. Urani ni nzito mno, kwa hiyo kwa ukubwa si mlima. Tatizo ni joto, mionzi na muda. Fueli ikitoka kwenye kinu hukaa kwanza miaka kadhaa ndani ya bwawa lenye maji ya kina cha mita nyingi, kisha ndipo inaweza kuhamishiwa kwenye makasha makavu ya chuma na zege. Plutoni-239 iliyomo ndani hupungua nusu baada ya miaka 24,000 hivi. Sheria ya Ujerumani inataka shimo la kuzikia lithibitishwe kuwa salama kwa miaka milioni moja.

Kuna pia taka nyepesi: glavu, nguo za kazi, vichujio, mabomba. Hizo ni nyingi kwa ujazo lakini si kichwa maumivu kwa kiasi hicho. Kenya tayari ina kituo cha kuhifadhi vyanzo vya mionzi vya hospitali na viwanda huko Oloolua, karibu na Ngong. Fueli iliyotumika ni jambo lingine kabisa, na asikudanganye mtu kwamba uzoefu wa Oloolua unatosha.

Finland na Ujerumani: ratiba kwanza, au shimo kwanza

Mwaka 1983 serikali ya Finland iliandika ratiba: eneo la kuzikia lichaguliwe kufikia 2000, ujenzi uanze karibu 2010, mazishi yaanze 2020. Wakati huo nchi ilikuwa na vinu vinne, na viwili kati yake, vya Loviisa, vilikuwa vya Kisovieti na fueli yake iliyotumika ikirudishwa Urusi. Mwaka 1994 Bunge likabadilisha Sheria ya Nishati ya Nyuklia ya 1987: taka za Finland zizikwe Finland, na za wengine zisiingie. Shehena ya mwisho ya kwenda Urusi iliondoka 1996. Kampuni mbili za umeme zilizokuwa na vinu zikajikuta hazina pa kukimbilia, zikaunda pamoja kampuni moja ya mazishi, Posiva, mwaka 1995.

Kisiwa cha Olkiluoto kiko wilaya ya Eurajoki, pwani ya magharibi. Mita 430 hivi chini ya ardhi, ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9, Posiva imechimba mahandaki ya Onkalo tangu 2004. Fueli inaingizwa kwenye kiini cha chuma cha kusubu, kiini kinaingia kwenye mtungi wa shaba nyekundu wenye unene wa sentimita 5, mtungi unashushwa kwenye tundu lililochimbwa sakafuni, na nafasi inayobaki inajazwa bentoniti, udongo unaovimba ukiguswa na maji na kuziba kila upenyo. Tundu likijaa, handaki nalo linazibwa. Hakuna mlinzi anayehitajika baadaye, na hilo ndilo lengo. Kampuni iliomba leseni ya kuanza kazi Desemba 2021, na 2024 ikafanya majaribio kwa mitungi isiyo na fueli halisi. Ratiba ya 1983 imechelewa, ndiyo, lakini ni kuchelewa kwa miaka michache katika mpango wa karibu miaka arobaini. Katika tasnia hii hiyo ni karibu sawa na kufika mapema. Kinu chao kipya, Olkiluoto 3, kilianza kujengwa 2005 kikitarajiwa 2009, kikaingia kazini kikamilifu Aprili 2023.

Sasa tazama pesa. Tangu 1988 Finland ina mfuko wa serikali wa taka za nyuklia ulio nje ya bajeti. Kila mwaka wenye vinu hupigiwa hesabu kana kwamba vinu vinafungwa leo: kuzika kilichopo na kubomoa mitambo kungegharimu kiasi gani? Pengo kati ya jibu hilo na kilichomo mfukoni ndilo wanalolipa. Kampuni ikifilisika kesho asubuhi, mlipa kodi hajaachiwa deni. Katika sera zote nilizozisoma, hiki ndicho kifungu ninachokithamini kuliko kingine, na hakina uhusiano wowote na mwamba wa Finland. Kinaweza kunakiliwa Nairobi neno kwa neno.

Halafu haki ya kukataa. Chini ya sheria ya Finland, wilaya inayotarajiwa kupokea mradi wa nyuklia ikipiga kura ya hapana, hakuna wa kuivuka: si waziri, si Bunge. Januari 2000 baraza la Eurajoki lilipiga kura 20 za ndiyo na 7 za hapana. Bunge likaridhia Mei 2001 kwa kura 159 dhidi ya 3. Eurajoki haikukubali bure. Ilikuwa imeshazoea vinu na kodi ya majengo yake, na kabla ya kura ilipatana na Posiva kuhusu jumba la kale la Vuojoki: kampuni ilikodi, wilaya ikapata fedha za kujengea makao mapya ya wazee. Wengine huiita rushwa ya heshima. Mimi naona ni mazungumzo kati ya watu wenye nguvu zinazokaribiana, maana upande mmoja ulikuwa na uwezo halisi wa kuondoka mezani.

Ujerumani ilifanya kinyume karibu kila hatua. Februari 1977 waziri mkuu wa jimbo la Niedersachsen alilitaja kuba la chumvi la Gorleben, kijiji kilichokuwa karibu na mpaka wa Ujerumani Mashariki, na wenyeji wakasikia habari kama watu wengine. Kilichofuata ni zaidi ya miaka arobaini ya maandamano, wakulima wakifunga barabara kwa matrekta, maelfu ya polisi wakisindikiza treni za makasha ya taka yaitwayo Castor. Mabilioni ya pesa yalipokwisha kuzamishwa humo, ripoti ya Septemba 2020 ikaondoa Gorleben kwenye orodha kwa sababu za kijiolojia.

Na kuna Asse. Huu ni mgodi wa zamani wa chumvi karibu na Wolfenbüttel ambamo kati ya 1967 na 1978 yaliingizwa mapipa na vyombo vipatavyo 126,000 vya taka za kiwango cha chini na cha kati. Mwanzoni yalipangwa, baadaye mengi yakamwagwa tu kwa tingatinga juu ya mteremko wa chumvi na kufukiwa kwa chumvi nyingine. Tangu 1988 maji ya chumvi yanapenya, kiasi cha mita za ujazo 12 kwa siku, na yanalazimika kukusanywa na kutolewa. Sheria ya 2013 inaamuru kila pipa litolewe tena. Yaani kizazi kingine kinalipia kuingizwa na kutolewa kwa pipa lilelile.

Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho, Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2, tarehe 15 Aprili 2023. Wapinzani wa nyuklia walishangilia, lakini kufunga kinu hakufuti taka. Makasha yapatayo 1,900 lazima yapate makaburi. Sheria ya kuchagua eneo ya 2013, iliyorekebishwa 2017, iliweka lengo la 2031; mwaka 2022 kampuni ya serikali inayotafuta eneo ilisema uamuzi unaweza kufika kati ya 2046 na 2068. Utaratibu wao mpya ni mzuri kwenye karatasi: ramani tupu, hakuna eneo linalopendelewa, wananchi washirikishwe tangu mwanzo. Shida ni kwamba umekuja baada ya imani kuisha.

Kwenye pesa Ujerumani ilichelewa pia, ila ilijitutumua. Mwaka 2017 kampuni za umeme zililipa takriban euro bilioni 24 kwenye mfuko wa umma, na kwa malipo hayo zikajitoa kwenye dhima ya kuhifadhi na kuzika taka. Kubomoa vinu kumebaki juu yao. Gharama zikizidi mfuko, atakayejaza ni mlipa kodi. Linganisha na Finland, ambako deni linamfuata mwenye kinu mwaka hadi mwaka.

Sweden, kwa wanaouliza, ina mbinu ileile ya shaba nyekundu na bentoniti, na eneo lake Forsmark limepata idhini ya serikali Januari 2022. Nataja kwa sababu moja: mwaka 2018 mahakama ya mazingira ya huko ilitilia shaka kama shaba itahimili kutu kwa muda unaotakiwa. Serikali ilipitisha mradi hata hivyo. Sayansi ya jambo hili imekomaa, haijafungwa.

Ufaransa na Uholanzi: vinu hamsini na saba, na kinu kimoja

Ufaransa ilichukua uamuzi wake mkubwa 1974, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla, ikajenga vinu kwa mfululizo. Leo ina 57, vinavyotoa karibu theluthi mbili ya umeme wake au zaidi. Fueli iliyotumika haiitwi taka huko. Inapelekwa La Hague, Normandie, ambako hukatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi ili kutenga urani na plutoni. Plutoni huchanganywa kuwa fueli mpya iitwayo MOX. Kinachobaki, ile asilimia 4 hivi yenye mionzi mikali, huyeyushwa pamoja na vioo na kumiminwa kwenye mitungi ya chuma.

Utasikia wauzaji wakisema asilimia 96 ya fueli hurejelewa. Kwa maneno mengine: inaweza kutengwa. Kutengwa na kutumika tena ni mambo mawili. MOX iliyotumika kwa kawaida hairudii mzunguko, akiba ya plutoni inaongezeka, na kinu cha Superphénix, ambacho kingefunga mzunguko wote, kilifungwa chenyewe miaka ya 1990. Na bado shimo linahitajika. Sheria za 1991 na 2006 zilifikisha nchi Bure, mashariki, ambako mradi wa Cigéo unapangwa kwenye tabaka la udongo mfinyanzi mita 500 chini. Andra, wakala wa taka, iliomba kibali cha ujenzi Januari 2023. Kwa sheria, mitungi lazima iweze kutolewa kwa angalau miaka 100, ili wajukuu wakipata ujuzi bora wasikute mlango umefungwa. Finland iliona busara ni kuziba, Ufaransa ikaona ni kuacha upenyo. Nawaelewa wote, ingawa upenyo una gharama yake ya ulinzi.

Gharama zenyewe zilizua vuta nikuvute. Andra ilikadiria karibu euro bilioni 35, kampuni zitakazolipa zikakadiria chini sana, na Januari 2016 waziri akaamua iwe 25. Bei ya kaburi la miaka laki imepangwa kwa agizo la waziri. Hapo ndipo unapoona faida ya hesabu ya Finland, isiyongoja mwanasiasa.

Uholanzi ina kinu kimoja cha umeme, Borssele, megawati 485, kilichoanza 1973. Kwa Kenya huyu ndiye mwenzake wa kweli, na ajabu ni kwamba hatajwi kwenye mijadala yetu. Mwaka 1984 serikali ilikiri kwamba nchi yenye taka kidogo hivyo haiwezi kuchimba shimo la mabilioni sasa, ikaamua kuhifadhi juu ya ardhi kwa angalau miaka 100. Fueli huenda La Hague kuchakatwa, vioo vinarudi kwenye jengo liitwalo HABOG, karibu na bandari ya Vlissingen. Kuta zake ni zege la mita 1.7, na hewa inayopanda yenyewe kwa joto la taka ndiyo inayopoza, hakuna feni ya kukatikiwa na umeme. Jengo limepakwa rangi ya chungwa kali na kuandikwa fomula ya Einstein kwa herufi kubwa za kijani. Kila baada ya miaka 20 linapakwa upya kwa rangi iliyofifia zaidi, mpaka liwe jeupe karne ikitimia, kufuata kasi ya joto linavyopungua ndani. Wananchi wanaingia kulitembelea, na makumbusho ya mkoa huo huhifadhi vitu vyake kwenye ghala la jirani, kwa kuwa hali ya hewa humo haibadiliki.

Kampuni ya serikali, COVRA, hupokea taka pamoja na malipo yote ya mbele, na tangu siku hiyo taka ni mali yake. Pesa zinawekezwa zikue hadi karibu 2130, wakati wa kuzika. Udhaifu uko wazi: riba ikilala kwa miaka mingi, mfuko unapungukiwa, na hakuna aliyebaki wa kudaiwa. Uholanzi pia haijafunga mlango wa kushirikiana shimo na nchi nyingine ndogo. Kwa Afrika Mashariki, ambako Uganda nayo inapanga kinu Buyende na Rwanda imeanza mipango yake, hilo ni jambo la kuzungumza mapema, kabla kila mmoja hajachimba lake.

Kwa mtazamo mmoja

| | Fueli inakwenda wapi | Mlipaji | Mwenyeji anaweza kukataa? | Ilipofikia |
|---|---|---|---|---|
| Finland | Shimoni moja kwa moja | Mwenye kinu, kila mwaka | Ndiyo, na uamuzi ni wa mwisho | Onkalo imechimbwa, leseni ya mwisho iliombwa 2021 |
| Ujerumani | Makashani, shimo litafutwe | Mfuko wa euro bilioni 24, zaidi ya hapo umma | Anasikilizwa, hana turufu | Eneo kati ya 2046 na 2068 |
| Ufaransa | La Hague, kisha Bure | Wenye vinu, bei ilipangwa na waziri | Hana turufu | Kibali kimeombwa 2023 |
| Uholanzi | La Hague, kisha ghalani miaka 100 | Mwenye kinu, malipo ya mbele | Suala la shimo bado halijafika | Kuzika karibu 2130 |

Marekani sikuiweka kwenye jedwali kwa sababu haina sera, ina kesi. Sheria iliyotiwa saini Januari 1983 iliahidi kwamba serikali ingeanza kuchukua fueli tarehe 31 Januari 1998. Wateja wakakatwa sehemu ya kumi ya senti kwa kila uniti, mfuko ukavuka dola bilioni 40. Mwaka 1987 Bunge la Congress likafuta maeneo mengine yote na kubakiza mlima Yucca, jimbo la Nevada, ambalo halikuwa na nguvu kisiasa wakati huo. Nevada ikapata nguvu, mradi ukaachwa 2010. Leo tani zipatazo 90,000 zimekaa kwenye mabwawa na makasha katika majimbo zaidi ya 30, na serikali imelipa fidia ya zaidi ya dola bilioni 10 kwa kuvunja ahadi yake yenyewe. Pesa walikuwa nazo. Hawakuwa na ndiyo ya mwenyeji.

Afrika Kusini, yenye kituo pekee cha umeme wa nyuklia barani, Koeberg, chenye vinu viwili, huzika taka nyepesi Vaalputs, kwenye nyika ya Northern Cape, tangu miaka ya 1980. Fueli iliyotumika bado iko Koeberg penyewe, miaka arobaini baadaye, na mwaka 2024 kinu cha kwanza kiliongezewa leseni hadi 2044. Ghala la muda lina tabia ya kugeuka la kudumu.

Ofa ya "tutazichukua wenyewe"

Muuzaji wa Kirusi anapokuja na kinu, mara nyingi huja na ahadi ya kuchukua fueli iliyotumika. Bangladesh ilitia saini makubaliano ya namna hiyo 2017 kwa ajili ya Rooppur. Kwa nchi ndogo ofa hii inavutia, na sioni haya kusema kwamba ingeondoa mzigo mzito. Lakini soma maandishi madogo. Fueli ikichakatwa, taka zenye mionzi mikali zinaweza kurudishwa kwa mteja. Vita, vikwazo au bunge la nchi nyingine vinaweza kufunga njia usiku mmoja. Finland ilikuwa na mpango huohuo, na aliyeusitisha alikuwa mteja mwenyewe. Ukiupata, uhesabu kama nyongeza. Mfuko wako ujengwe kana kwamba haupo.

Na tabianchi je?

Hapa lazima tuwe wakweli kwa pande zote mbili. Umeme wa Ufaransa hutoa chini ya gramu 60 za hewa ya ukaa kwa uniti. Wa Ujerumani zaidi ya 300, kwa kuwa makaa ya mawe bado yanachomwa na sheria inaruhusu hadi 2038. Ingawa umeme jadidifu ulivuka nusu ya matumizi ya Ujerumani mwaka 2023, ni vigumu kutetea kuzima kinu kizima kabla ya kuzima makaa. Finland inalenga kufuta uzalishaji halisi wa gesijoto kufikia 2035, na bila vinu vyake lengo hilo lingekuwa ndoto.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua mwaka 2021 kwamba sheria ya tabianchi ilikuwa imebeba starehe za leo na kuachia vijana bili ya baada ya 2030. Serikali ikasogeza lengo la kufuta uzalishaji hadi 2045. Hoja ileile ukiigeuza upande wa pili inagusa taka: umeme wangu wa leo, mlinzi wa mtungi mwaka 2300. Anayeitumia hoja ya vizazi vijavyo kutetea kinu hawezi kuitupa ikifika zamu ya shimo.

Ila Kenya si Ujerumani. Karibu asilimia 90 ya umeme wake tayari hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Kinu hapa hakitafukuza makaa, maana hayapo. Kitashindana na jotoardhi ambayo haijachimbwa. Na mahitaji ya juu kabisa ya nchi ni megawati zaidi ya 2,300, ilhali mwongozo wa kawaida ni mtambo mmoja usizidi asilimia 10 ya gridi. Megawati 1,000 kwenye uzi mmoja zikikatika, nchi nzima iko gizani, na Wakenya wanalijua giza hilo.

Ukinibana nichague

Kwa nchi yenye kinu kimoja au viwili, ningechukua ghala la Uholanzi na sheria ya Finland. Ghala, kwa sababu tani 1,500 hazilipii shimo la peke yake, na karne moja ya kupoa inaleta nafasi ya kupatana na majirani. Sheria, kwa sababu malipo ya mbele ya Kiholanzi yanategemea riba, na ya Kifini yanategemea hesabu inayorudiwa kila mwaka. Kuchakata kwa mtindo wa Ufaransa ningekuacha. Bila kundi la vinu ni kununua kiwanda cha mtu mwingine kwa bei yake. Njia ya Ujerumani, ya kutaja eneo kwanza na kuongea na wenyeji baadaye, tumeshaionja Uyombo.

Kama serikali haiwezi kuhakikisha mfuko hautaguswa, ningechimba visima zaidi Olkaria na Menengai na kuachana na kinu. Hilo si woga wa mionzi. Mwaka 2025 sehemu ya tozo ya barabara, shilingi 7 kwa kila lita ya mafuta, iligeuzwa dhamana ya kukopea bilioni 175 za kulipa wakandarasi. Huenda ilikuwa na sababu zake, lakini tozo ilianzishwa kwa kazi moja na ikapewa nyingine. Mfuko wa taka utakaa miaka mia moja mbele ya macho ya mawaziri wa fedha ishirini.

Kwa hiyo vikao vya ushirikishwaji wa umma vikifika Siaya au popote, maswali ya kuuliza yanajulikana. Kura ya hapana ya bunge la kaunti itaheshimiwa, au itakuwa maoni tu? Kiwango cha kila mwaka kitahesabiwa na nani, na kinu kikifungwa mapema salio litajazwa na nani? Ardhi ya ghala ni ya muda wa miaka mingapi kwa maandishi, na kaunti italipwa nini kila mwaka ghala likiendelea kukaa baada ya kinu kuzimwa? Swali hili la mwisho Koeberg na Gorleben hawakuliuliza mapema.